Sauti Kwenye Redio ya Cephas

Wimbo ule nilikuwa nimeuchoka mpaka nikawa nauota. Kibanda changu cha ndizi hapa Sindo kimepakana na pale Cephas anapoundia mashua, na tangu amzike mke wake, Phelesia, redio yake ilijua wimbo mmoja tu. Asubuhi anachomeka flashi, wimbo. Anaranda mbao, wimbo. Anaziba nyufa za mashua kwa pamba, wimbo ule ule. Ukiniuliza siku hizi nasikiliza muziki gani, nikujibu nini? Nasikiliza wa Cephas, kwani nina hiari?

Ulikuwa wimbo wa kwaya ya kanisa letu la Sabato, uliorekodiwa kwenye studio moja Migori mjini. Kwenye video, Phelesia amesimama mbele kabisa, ziwa nyuma yake, gauni la zambarau linapepea, na sauti inayotoka hapo, haki, hata mimi niliyeuchoka nilikuwa naacha kupanga ndizi. Wakati huo Cephas hakuwa mtu wa kanisa. Sabato yake ilikuwa mbao. Nyumbani mkewe aliimba chini chini tu, kwa hiyo sauti ile kubwa aliijulia kwenye video. Halafu Phelesia akaugua kifua, kikammaliza, mzee akabaki na flashi.

"Shemeji Bochaberi," aliniambia siku moja, "picha siwezi kuangalia. Lakini sauti bado ninayo."

Sasa mtu kama huyo utamwambia azime redio vipi? Nikaendelea kuuza ndizi zangu.

Kitu kimoja tu hakukipenda. Mwanzoni, kabla kinanda hakijaanza, kuna mtu anakohoa, kikohozi kifupi kikavu ambacho watu wa studio walisahau kukifuta. Wimbo ukifika hapo Cephas huinua nyundo akagonga chochote kilicho mbele yake, hata kama hakuna msumari. Nilidhani ni mazoea ya fundi.

Baada ya mazishi alianza kuja kanisani, akawa anakaa mbele na viatu vyake vyenye lami. Sabato moja alasiri, Monari, mwalimu wa kwaya, akasema kila mtu atuambie ni wimbo gani amekuwa akiusikiliza wiki hiyo, na kwa nini. Valary alisema anasikiliza kwaya za Tanzania, redio za ng'ambo zinashika vizuri kwao Muhuru Bay, mpakani. Mimi nikasema sina wimbo, nina jirani, nikamkata Cephas jicho. Watu wakacheka, naye akacheka.

Zamu yake ilipofika, akatoa redio kwenye mfuko. Alikuwa ameibeba mpaka kanisani! Akaiweka kwenye benchi kwa mikono miwili, akasema yeye husikiliza mmoja tu, kwa sababu mke wake yumo ndani. Akabonyeza. Kikohozi kikaja, na kwa kuwa hakuwa na nyundo, akajipiga kofi gotini. Kinanda kikaingia, kisha ile sauti.

Niliona wanakwaya wote wameinamisha macho. Nikadhani ni huzuni, nikainamisha yangu.

Kufika kwenye kiitikio watu wakaanza kufuatisha, na nani angejizuia. Benchi la nyuma alikaa Lynnet, binti wa hapa hapa aliyeolewa Mbita mwaka ule ule wa kurekodi, amekuja kumsalimia mamake. Naye akafungua mdomo. Basi sauti ikawa inatoka kwenye redio, na inatoka benchi la nyuma, na ni moja. Nikageuka kwa redio, nikageuka kwa Lynnet, nikasema labda ni mabati yanarudisha mwangwi. Cephas akazima redio.

Sauti ikaendelea. Maneno mawili matatu hivi, kisha Lynnet akatambua yuko peke yake, akanyamaza.

"Na huyu wa kwenye redio ni nani?" Cephas akamuuliza.

Lynnet akamwangalia Monari. Monari akaangalia sakafu.

"Ni mimi, baba."

Akaeleza, maskini, huku anasokota kitambaa. Siku ya studio Phelesia ndiye aliyekuwa aongoze, lakini kifua kilikuwa kimeanza. Alijaribu, akajaribu tena, kikohozi kikamkataa, na muda wa studio ukawa unaisha. Lynnet akapewa nafasi yake. Video ilipigwa baadaye kando ya ziwa, yeye akiwa ameshaenda Mbita, kwa hiyo Phelesia akasimama mbele, akawa anafungua mdomo tu huku wimbo unachezwa. Kwaya zote hufanya hivyo. Wanakwaya wote walijua, na hakuna aliyefikiria kwamba mume hajui.

"Lakini nilikuwa namwambia," Cephas akasema. "Tukiangalia pamoja namwambia, Phelesia, una sauti wewe. Anacheka tu, anaenda kugeuza samaki." Akatuangalia mmoja mmoja. "Sasa mimi nimekuwa nikimlilia nani?"

Nilikasirika hata sijui nimkasirikie nani. Lynnet kwa kufungua mdomo, Monari kwa kuufunga, lakini zaidi Phelesia. Mwanamke unapewaje sifa za mwenzako, na mumeo mwenyewe, halafu unageuza samaki? Kisha nikawaza, mume wa kukusifu jikoni utampata wapi kila siku, pengine hata mimi ningegeuza samaki. Mpaka leo sijui.

"Kwa hivyo yeye hayuko kabisa?" Cephas akauliza. "Hata huko nyuma?"

"Yuko, baba. Hicho kikohozi cha mwanzo ni yeye. Alikuwa amesimama kando yangu, amenishika mkono." Lynnet akaanza kulia. "Mos, baba. Pole sana."

Cephas akaigeukia redio. "Nilidhani ni mtu mwingine anakohoa kama yeye," akasema. Akairudisha redio mfukoni, akatoka kabla ya sala ya kufunga.

Wiki nzima bandani kwa Cephas kukawa kimya. Ningefurahi, si ndiyo? Nilikaa pale nimekosa raha, naudhika na kila mteja.

Kisha asubuhi moja nikasikia anachomeka flashi. Kikohozi kikaja. Nikangojea nyundo, haikulia. Nikachungulia: nyundo iko chini kwenye vumbi la mbao, na Cephas ameinamia redio, sikio karibu kabisa. Kabla kinanda hakijaingia akabonyeza, akarudisha mwanzo. Kikohozi. Akarudisha tena.

Mteja wangu akauliza kwani fundi hanunui flashi nyingine, hiyo si imekwama. Nikamwambia anyamaze kidogo, tunamsikiliza Phelesia.