Baba Chini ya Gari

Uani kwetu Likoni tulikuwapo wanne: bibi yangu Fatuma aliyemzaa baba, mama yangu Mwanakombo, mimi, na baba yangu Athumani, aliyekuwa amelala chini ya gari. Nimewakumbuka leo mjukuu wangu alipofungua klachi ya AC ya gari lake, ikanuka kuungua kama ile ya baba siku hiyo.

Gari la baba lilikuwa limeinuliwa kwa mawe na gogo la mnazi, naye akibadilisha klachi iliyoungua. Bibi hakuliamini lile gogo. Akaniambia, "Mwite babako, usiwache. Maadamu aitika, yu hai."

"Baba!"

"Naam."

"Baba!"

"Naam! Wallahi, mtoto huyu leo ana nini?"

"Amri ya mamako, mlaumu yeye," mama akamjibu.

Mara gogo likalia. Nikaita, kimya. Nikaita tena, kimya. Bibi akatoa shahada, mama akamkamata baba miguu akamvuta. Akatoka mzima, uso umejaa grisi, akatema nati kiganjani.

"Nati zi mdomoni, nitaitikaje?"

Mimi nakumbuka mama alicheka. Kama alilia, nyinyi wajukuu zake mliosimuliwa naye nikosoeni.