Karatasi ya Sigara Mahali pa Fyuzi

Moto ulianzia miguuni mwangu. Nilikuwa nimekaa mbele ya lori, katikati ya baba aliyeshika usukani na bibi harusi aliyegubikwa kanga, na nyuma yetu akina mama wameshikilia mbao wanapiga vigelegele, honi mpya inawaitikia. Mara nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Kabla sijasema neno, usumba wa kiti ukashika moto, maana viti vya enzi hizo vilijazwa nyuzi za makumbi ya nazi. Baba alimsukuma bibi harusi nje kwa mlango wa pili, kisha akanichomoa mie kwa mikono mitupu. Wa nyuma waliruka wote, salama. Mie niliungua kutoka gotini hadi kifundoni, na baba viganja vyote viwili. Ilikuwa alasiri, jua kali, hata Mtoni hatujafika.

Aliyefunga umeme wa lori lile anaitwa Fundi Shomari. Yuko hai, na ndiye ninayemwandikia haya, ingawa nyie wenzangu mliokulia Temeke ya wakati wa Mwingereza mnakaribishwa kusoma.

Mnaikumbuka Temeke yetu? Nyumba za makuti, mchanga unaounguza nyayo, mabungo yaliyotuacha na meno yenye ganzi, muhogo wa kuchoma uliopasuliwa ukatiwa chumvi na pilipili. Shule mie niliishia darasa la pili. Mama alisema inatosha, kwa kuwa jina langu najua kuliandika. Lakini nilikuwa na shule yangu nyingine, nayo ni banda la Fundi Shomari, lililoezekwa madebe yaliyokunjuliwa, linanuka petroli na risasi ya kuchomelea. Yeye alikwenda na jeshi la Mwingereza vitani Bama, akarudi na ufundi wa umeme wa magari. Alikuwa rafiki wa baba wa kula sahani moja, sie watoto tukimwita Ami.

Na jamani, alikuwaga anapenda watoto! Hakutufukuza hata siku moja. Alitufundisha kwa mchezo alioubuni mwenyewe. Mmoja wetu anakuwa betri, mwingine taa, wengine wanashikana mikono kuwa waya, na mzunguko lazima urudi kwa betri, usiporudi taa haiwaki. "Katika gari," alisema, "njia ya kurudi ni chuma chenyewe, bodi na chesisi. Ndiyo maana waya ukichubuka ukagusa chuma, umeme unakata njia unarudi nyumbani mbio, na mbio zile ndizo moto." Mie mdogo kuliko wote nilikuwa fyuzi. Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu kabisa na betri, na wakizidi kuvuta, nianguke chini na kusema "nimekufa!" Hapo wote wanaachiana mikono. Niliipenda kazi ile, nikaanguka mara mia nikala mchanga.

"Fyuzi ni mlinzi," Ami alisema. "Anakufa yeye kwanza ili gari lipone. Akifa, usimlaumu, tafuta aliyemuua." Na mengine nayakumbuka kama sura nilizohifadhi chuoni. Kabla hujatia mkono, fungua kwanza waya wa betri unaokwenda kwenye chesisi. Waya mwembamba ukiubebesha mzigo mkubwa unashikwa na homa. Waya ukipita kwenye tundu la bati, uvalishe mpira, bati lisiukate. Alikuwa anajua, ndugu zangu. Alijua kuliko mtu yeyote kutoka kwetu mpaka Kariakoo. Ndiyo maana inaniuma.

Baba, Mzee Salum, aliendesha lori la tajiri mmoja muuza nazi. Siku za harusi tajiri aliliachia lichukue bibi harusi wa mtaa, na kwetu harusi bila lori lililopambwa ilikuwa kama pilau bila nyama. Safari ile ilikuwa zamu ya Mwajuma, jirani yetu, na shangazi zake walitaka makubwa: honi ya milio miwili na taa sita za rangi juu ya kichwa cha lori. Ami akazifunga zote kwenye waya mmoja, ule uliokuwa wa taa ndogo ya ndani. Akawasha, fyuzi ikafa. Akaweka nyingine, ikafa nayo. Ya tatu hakuwa nayo.

Akina mama wamejaa uani wanamchoma maneno. "Fundi, anaolewa Mwajuma au linaolewa gari?" "Fundi, bwana harusi ataota mvi huko!" Ami jasho linamtiririka, anacheka kicheko cha aibu. Akaniita. "Zuhura, kimbia kwa baba yako, akupe pakiti ya sigara iliyokwisha."

Baba alikuwa barazani ananyolewa ndevu. "Pakiti tupu?" akauliza. "Haya chukua. Naona fundi naye kaanza kucheza na nyie."

Ami akachomoa ile karatasi inayong'aa ndani ya pakiti, yenye utando wa chuma unaopitisha umeme, akaikunja mara nne, akaisokomeza mahali pa fyuzi. Taa sita zikawaka, honi ikalia, akina mama wakaruka kwa furaha. Mie nikamuuliza, "Ami, sasa nani atakufa kwanza?"

Akanishika kichwa. "Ya leo tu, mwanangu. Kesho naweka ya kweli. Usimwambie baba yako, ataniona mzembe." Na tundu alilopitishia waya, nililiona kwa macho yangu, halikuwa na mpira.

Kesho yake tajiri alikuja kuuliza. Mie nimelala mkekani, mguu umepakwa asali, dirisha liko wazi. Nikamsikia Ami akisema, "Nilifunga vizuri, tajiri. Ila Salum anavuta sigara, na kiti ni usumba." Kisha akaingia ndani na machungwa manne, akanitazama, akasema, "Pole mwanangu." Nilinyamaza. Mtoto wa miaka minane, ameambiwa asiseme, na pakiti aliileta yeye. Nilidhani moto ni wangu.

Baba alifukuzwa. Vidole vilijikunja, usukani hakuushika tena. Aliuza mkaa mpaka uzee, na mtaa mzima ukamwita Salum Sigara. Na jioni zote hizo Ami alikuja kucheza naye bao, wanacheka. Nilipoolewa ndipo nikapata moyo wa kumwambia baba. Akasema, "Najua. Nilikuta kile kikaratasi kwenye majivu. Nangoja aseme mwenyewe, ni ndugu yangu." Alingoja mpaka mwaka jana tulipomzika. Na pale matangani, mbele ya watu, Shomari akatikisa kichwa akasema, "Marehemu alikuwa mtu mwema, ile sigara tu ndiyo ilimponza."

Siku hizi vijana wanafunga maredio yanayotikisa madirisha ya mtaa, waya wameunga kwa plasta ya kidonda, na ukiwauliza fyuzi iko wapi wanakwambia, "Mama, hiyo ya kizamani." Nawacheka, kisha nawaonea huruma, kwa kuwa wao hawakupata wa kuwafundisha. Sie tulifundishwa vizuri, kwa mchezo na kwa upendo, na mtu aliyetufundisha ndiye aliyetuchoma. Temeke ile naipenda hata sasa. Hata wewe Ami, Mungu anajua, nakupenda.

Lakini sitanyamaza tena. Fundi Shomari, una miguu ya kwendea msikitini, una ulimi wa kusemea matangani. Ijumaa hii, baada ya swala, njoo barazani kwa baba yangu. Waliokusikia siku ile nimewaita wote. Simama mbele yao uwaambie uliweka nini mahali pa fyuzi, na kwa nini umemwacha Salum abebe moto wako mpaka kaburini. Nitakuwepo. Jibu.