Mjane wa Mume Aliye Hai

Enzi za Waingereza, nikiwa mpiga chapa katika ofisi ya mwanasheria mjini Arusha, nilikiokoa kitabu cha zamani cha wakazi wa mji kilichokuwa kinakwenda kuchomwa. Kila jina lilifuatwa na vifupisho vya Kiingereza, na ukurasa wa kwanza ulitoa maana zake: h. ni nyumba, opp. ni mkabala na, carp. ni seremala. Baada ya wiki moja nilikuwa nakisoma kwa maringo.

Nilikipeleka mlimani kwa babu. Alizoea kujigamba kanisani kwamba ujanani aliishi Ngarenaro, mtaa wa Arusha mjini, na kuezeka nusu ya mji, na waumini walimwitikia tu kwa adabu. Sasa alitaka ushahidi. Alivaa koti la Jumapili, akaketi kibarazani, akasema, "Haya mjukuu wangu, nitafute."

Jina lake halikuwemo. Lilikuwemo la bibi, na kando yake wid. Nilirudi kwenye ukurasa wa maana kuhakikisha, kisha nikasema: mjane.

Babu akasema, "Kumbe mimi naezeka huko mashambani Nduruma, huku nyumbani nimeshazikwa." Akamgeukia bibi. "Mama, ulikuwa umepata mwingine?" Hakuwa anatania. Nikaingiwa na hofu.

Bibi aliendelea kumenya ndizi. "Alikuja mtu wa kuandika majina, akaniuliza jina la mume wangu. Sasa ningelitaja vipi?" Kwetu mke wa heshima hataji jina la mumewe hata akibanwa. "Nikamwambia ni baba wa huyu niliyembeba mgongoni. Akasema hilo si jina. Nikainamisha uso. Akauliza tena, nikazidi kuinama. Basi akavua kofia, akanipa pole. Nilimpa ndizi mbivu, kijana mwenye huruma vile."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Babu hakucheka hata kidogo.

"Heshima gani hiyo ya kumuua mtu?" alisema. "Hao kanisani nitawaambia nini?"

Bibi akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga. Akamtazama usoni na kulitamka jina lake, la ubatizo na la ukoo. Sikuwa nimewahi kulisikia likitoka kinywani mwake.

Babu aliinuka haraka, akachungulia njiani kama kuna jirani aliyesikia. Hakukuwa na mtu. Akarudi, akaketi karibu naye, akamwomba kwa sauti ya chini alirudie.