Mwanaume wa kilo 61 aliyekuwa akijipima kwangu mchana

Wakuu, habari za huko mliko. Mnaokula, endeleeni taratibu, maana humu ndani kuna mambo ya mafuta.

Nitakayosema yote ni kweli na mashahidi wapo: wanawake watano wa plot yetu, jengo la kupanga hapa Baba Dogo, pamoja na jamaa mmoja wa boda. Bado wananicheka hadi leo, kwa hivyo hata nikitaka kuwapiga chenga hapa nitaumbuliwa.

Wengine mtakumbuka niliwahi kuweka picha yangu humu bila shati, nikaomba mnikisie body fat, yaani asilimia ya mafuta mwilini. Mmoja akasema thelathini na tano. Mwingine akasema thelathini, lakini nikiwa nimevuta tumbo ndani. Na kuna mmoja, simtaji, aliandika kwamba hiyo si asilimia, hiyo ni miezi, na ni saba.

Nilicheka pamoja nanyi. Nilipoweka simu chini niliumia.

Mimi natunza stoo kwenye kiwanda cha beseni za plastiki, karibu sana na nyumbani. Kazi yangu ni kukaa, kupokea mzigo, kutoa mzigo na kukaa tena. Ukiongeza mandazi ya saa nne, mnaona wenyewe hesabu inakoelekea.

Basi nikajinunulia mzani. Si ule wa kawaida wa mshale, huu ni wa kioo, wa Bluetooth. Unapanda miguu mitupu, unapitisha umeme kidogo mwilini ambao hata huusikii, halafu unakwambia kilo zako, asilimia ya mafuta, maji, mifupa, na eti umri wa mwili.

App nikaiweka kwenye simu yangu, na pia kwenye ile simu yetu ya zamani iliyopasuka kioo. Hiyo hukaa sebuleni kwenye chaji ili binti yetu Imani aangalie katuni akitoka shule. Kila mtu akipanda mzani, simu ya zamani inapokea matokeo na kuyatuma kwangu kwa wifi, hata nikiwa kazini. Ishikeni hiyo simu, tutairudia.

Siku ya kwanza nilipopanda: kilo 94, mafuta asilimia 33, umri wa mwili 51.

Nina miaka 38.

Mke wangu Nafula akasoma, akatikisa kichwa. "Kumbe niliolewa na mzee na hakuna mtu aliniambia."

Tukacheka. Nafula husuka nywele hapo hapo nyumbani, mchana kutwa yuko na wateja, na ana mdomo. Nampenda kwa sababu ya huo mdomo, ingawa siku nyingine unakata.

Nikaanza mazoezi. Kuruka kamba juu ya paa panapoanikwa nguo, kupunguza ugali, chai bila sukari. Kila asubuhi napanda mzani kabla ya kuvaa. 33. 33. 34. Siku iliyosoma 34 nilitaka kuutupa kutoka ghorofa ya nne.

Sasa njooni kwenye ile Ijumaa.

Nimekaa stoo, simu ikalia. App inasema kuna matokeo mapya. Nikafungua nikidhani Nafula ameamua kujipima.

Iliandika: Guest, yaani mgeni. Male. Kilo 61. Body fat asilimia 13. Body type: Athlete. Umri wa mwili 22.

Nikasoma tena. Nyumbani kwangu, mchana, mimi nikiwa kazini, kuna mwanaume wa asilimia kumi na tatu.

Kabla sijameza mate, ikalia tena. Guest, kilo 58.

Halafu tena. Guest, kilo 56.

Wakuu, mtu hapungui kilo tano kwa muda wa kunywa chai. Nikakaa pale kati ya beseni, nikapiga hesabu, na jibu lililokuja lilikuwa moja tu.

Jamaa alikuwa anavua nguo.

Tatu za kwanza, viatu na koti. Mbili zilizofuata sitaki hata kuzitaja. Nikashika simu kwa mikono miwili nikingoja namba inayofuata, na hapo hapo wifi ya plot ikakatika, kama ilivyo kawaida yake. Sijawahi kuilaani kampuni ya wifi kama siku ile.

Najua mtaniuliza, mwanaume gani anaenda kwa mke wa mtu halafu anaanza kwa kujipima? Nami nilijiuliza. Nikajijibu: mwenye asilimia 13. Mimi ningekuwa na 13 ningejipima hata kanisani.

Jioni nilirudi nyumbani nikiwa mpole kama mgonjwa. Sikuuliza kitu. Nikaenda kuangalia mzani, nikakuta tope jekundu juu ya kioo, limekauka.

Yaani hata miguu hafuti.

Halafu chakula kikaletwa. Viazi vya nyama, vimejaa sahani hadi ukingoni. Kesho yake mukimo wa viazi. Kesho kutwa viazi karai. Nafula alikuwa mchangamfu kuliko kawaida, ananiongezea kabla sijaomba. Nikajiambia, huyu ananilisha ili nisiwe na nafasi ya kuuliza. Nikala kwa uchungu mwingi. Lakini nilikula.

Nikaanza uchunguzi. Ni nani hapa jirani ana kilo hamsini na kitu lakini nguo zake zina kilo tano? Akili ikatua kwa Brayo, kijana wa boda anayeegesha pale getini kwetu. Mwembamba, ana misuli, na huvaa koti zito la mvua juu ya sweta mbili, buti, na kikinga kifua cha ngozi cha kuzuia baridi. Tena akimwona Nafula husema, "Mathe, uko fiti?" Ningependa kuwaambia nililichukulia kawaida. Niliacha kumsalimia.

(Ngojeni kidogo, kuna lori limefika, naitwa. ... Nimerudi. Walikuwa wanataka vifuniko, si beseni.)

Wiki mbili zikapita hivyo. Ijumaa nyingine ikafika, mvua imenyesha asubuhi, barabara yote ni matope. Simu ikalia.

Guest. Male. Kilo 62. Asilimia 13. Athlete.

Nikamwambia mwenzangu anishikie stoo, tumbo linanisumbua. Sikudanganya sana. Nikatoka mbio getini, nikainua mkono kwa boda ya kwanza niliyoiona, nikaruka juu.

"Buda, mbona unahema hivyo? Kwani kuna nini?"

Alikuwa Brayo.

Nikiwa nyuma yake, nimeshika lile koti lake zito, simu ikalia mfukoni. Kilo 59. Nikaangalia namba, nikaangalia mgongo wa Brayo, nikamwomba msamaha kimoyomoyo. Kisha nikaogopa zaidi, maana sasa huyo mwanaume nilikuwa simjui kabisa.

"Ongeza mwendo," nikamwambia.

"Buda, na hii tope? Tutalala hapa."

Tukafika. Nikaanza kupanda ngazi, na Brayo akanifuata, maana uso wangu ulimwambia kuna kitu cha kuona. Ghorofa ya kwanza nilipanda kwa hasira. Ya pili kwa ushujaa. Ya tatu ilibidi nikae kwenye ngazi, kando ya jiko la mtu, huku nimeshika kifua.

Mtu anaenda kumfumania mgoni wake na anaomba mapumziko. Brayo alikuwa ananipepea na kofia yake.

"Buda, nikuletee maji?"

Simu ikalia. Kilo 54. Nikasimama. Kwa hesabu zangu, kwenye 54 hata soksi haikuwepo.

Nikasukuma mlango, nikapita sebuleni bila kuangalia kulia wala kushoto, moja kwa moja hadi chumbani. Nikainua shuka nikaangalia chini ya kitanda. Nikafungua kabati. Nikachungulia hata nyuma ya pazia la dirisha ambalo haliwezi kuficha paka.

Hakuna mtu.

Nikarudi sebuleni. Hapo ndipo nilipoona.

Wanawake wa plot walikuwa wamepiga magoti kwenye duara, kila mmoja na beseni lake. Katikati, juu ya mzani wangu, limesimama gunia la viazi, lina matope hadi shingoni. Mama Kioko wa mlango wa pili alikuwa amelikumbatia lisianguke. Na simu ya zamani pale kwenye chaji ikatoa sauti ya kike: "Congratulations. You have reached your ideal weight."

Yaani gunia lilikuwa linapongezwa kwa kufikia uzito unaofaa.

"Baba Imani," Nafula akasema polepole, "umefutwa kazi?"

Nikatikisa kichwa. Pumzi ya kusema haikuwepo.

"Sasa unatafuta nini kwa kabati?"

Sijui kwa nini sikusema soksi. Nikanyoosha simu. Mama Kioko akaipokea kwa mkono mmoja, mwingine bado umelikumbatia gunia. Akasoma: Guest, male, athlete. Akaangalia gunia. Akaniangalia mimi. Akaangalia mlango wa chumbani, ambao nilikuwa nimeuacha wazi na shuka ziko chini.

Akacheka hadi gunia likaanguka na viazi vikatawanyika sebule nzima. Wengine wakafuata. Brayo alikaa chini pale mlangoni, akaweka kofia usoni.

Mambo yalikuwa hivi. Wanawake hao hununua gunia moja pamoja, moja kwa moja kutoka kwenye lori, halafu wanagawana. Zamani walikuwa wanapima kwa mkebe wa Mama Kioko, na kila mara kuna anayelia kwamba mkebe umebonyea chini. Nafula akasema, mbona tuna mzani mzuri hapa unakaa bure? Basi wanasimamisha gunia, wanapunguza kidogo kidogo kwenye beseni la mtu hadi fungu lake litimie, kisha wa pili, hivyo hivyo.

Na hiyo Guest? Nilikuja kugundua inatoka dukani ikiwa imeshajazwa: mwanaume, kijana, mrefu. Sikuwahi kuibadilisha. Viazi vyenye maji ya mvua vikikaa pale, mzani unachukua kilo, unachanganya na huyo kijana wa dukani, na kukisia. Gunia la viazi likapewa mwili wa mwanariadha. Mimi niliyeruka kamba nikapewa miaka 51.

Kila mtu alikuwa anacheka. Nafula hakucheka.

Alisubiri hadi viazi vikaokotwa na wenzake wakatoka. Akasema, "Yaani wiki mbili umekula viazi vyangu, unaniangalia, na kichwani umenipa mwanaume."

Wakuu, hapo niliona aibu ambayo haina app ya kuipima. Ningeuliza tu siku ile ya kwanza, ningejibiwa kwa sentensi moja na tungecheka pamoja. Niliamini kioo cha mzani kuliko mtu ninayelala naye kitanda kimoja. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi, nikamwomba msamaha.

Akainua beseni lake la viazi. Kisha akasema, "Lori likija tena, gunia utalibeba wewe. Kutoka chini."

Nilidhani anatania. Tangu siku hiyo wanawake wamehamisha shughuli hadi Jumamosi ili niwepo. Lori likiegesha, watoto wa plot wanapiga kelele, "Mgeni amefika," nami nashuka. Nalibeba begani hadi ghorofa ya nne, likigawanywa nasambaza mabeseni ya watu mlango kwa mlango, juu na chini. Mara ya kwanza nilipumzika kila ghorofa na Brayo akanisaidia kusukuma. Siku hizi napumzika ya tatu tu, pale pale penye jiko.

Mzani nimewaachia wao, unakaa kwa Mama Kioko. Mimi natumia tepu ya fundi nguo, napima kiuno usawa wa kitovu, asubuhi, bila kubana wala kuvuta tumbo. Mshipi wangu umerudi matundu mawili. Asilimia kamili siijui na wala sina haja nayo. Nilichojifunza ni kwamba hivi vifaa vya nyumbani vinakisia tu, kama mlivyonikisia nyinyi. Angalia mambo yanaelekea wapi, usilie kwa sababu ya namba ya siku moja. Na kama app yako imekwambia kitu kuhusu nyumba yako, uliza wenye nyumba kwanza.

Jumamosi iliyopita nililifikisha gunia juu, nikaliegemeza mlangoni, jasho linatiririka. Nafula akaja, akanizungushia mikono kiunoni, akajaribu kuikutanisha nyuma. Vidole vikakosana kidogo tu. Zamani havikuwa vinafikiana hata kwa simu.

Akatuangalia wote wawili, mimi na gunia.

"Mgeni bado anakushinda kwa mwili," akasema. "Lakini yeye namchemsha leo jioni. Wewe ingia ndani."

Nikaingia ndani. Nilikuwa sijaambiwa hivyo tangu ile Ijumaa niliyofungua kabati.

Picha mpya naiweka hapo chini, wakuu, bila shati, tumbo halijavutwa. Kisieni. Na yule wa miezi saba, nakungoja wewe hasa.