Brashi ya Shemeji

Mungu wa rehema asifiwe, aliyeniachia uzeeni macho yanayoona na vidole vinavyokubali kazi. Kwa vidole hivyo, tangu nistaafu, nafufua brashi za zamani za kunyolea ndevu, zile za kupakia povu la sabuni. Naziokota kwenye marundo ya mitumba, nasafisha mipini, natoa nywele zilizooza na kupachika nyingine.

Mwezi wa saba dada yangu anayeishi Makambako alinipa brashi ya marehemu mumewe. Mpini wa pembe, nywele zimeng'oka. Mwanawe alikuwa anaoa Jumamosi, na katika ukoo wetu bwana harusi hunyolewa na mjomba asubuhi ya ndoa.

"Baba yake hayupo," dada alisema. "Basi brashi yake iwepo."

Alhamisi nikapachika nywele mpya. Lakini kwa baridi ya Njombe mwezi ule, gundi haikauki. Jikoni sikuthubutu kuisogeza, maana pembe ikipata moto hupasuka. Nikawa nainuka kitini, nagusa, inanata. Nasoma mstari mmoja wa zaburi, nainuka tena. Mke wangu akachoka.

"Mzee, hilo si yai. Hata ukilichungulia halitotoi."

Ijumaa nikaifunga kwa kitambaa, nikaibana kwapani chini ya sweta na koti, tukapanda basi kwenda Makambako. Njia nzima sikuegemea kiti. Dada alitupokea mlangoni.

"Iko wapi?"

"Kwapani. Inakauka."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Jamani kaka! Mume wangu umemgeuza kipimajoto!"

Mimi sikucheka. Gundi ilikuwa bado laini.

Asubuhi ya harusi kijana aliketi uani, taulo shingoni, macho kafumba. Shavu la kwanza lilikwenda vizuri. La pili, nikahisi kifundo cha nywele kinazunguka ndani ya mpini. Nikakibana kwa vidole viwili na kuendelea kupaka, nikimwomba Mungu kimoyomoyo kisichomoke mbele ya mwana. Hakikuchomoka. Nikamnyoa; unywele mmoja wa brashi ulibaki kidevuni. Dada, aliyesimama nyuma yangu, akautoa kwa ukucha. Alikuwa ameona yote.

"Mjomba, tayari?"

"Tayari, baba. Nenda kavae."

Alipoingia ndani, dada akaichukua brashi. Nikamwomba anirudishie nipachike nywele upya. Akaifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Acha, kaka. Hata mikononi mwa mume wangu ilikuwa inacheza hivyohivyo. Kila asubuhi akiigombeza."

Nikamwachia brashi. Namshukuru Mungu kwa siku ile, ila vidole vyangu havijatulia. Kila nikifika kwake jicho linaitafuta.

Nawe unayesoma, Mungu akujalie utulivu ambao mimi bado namwomba, aibariki nyumba yako na wote wanaoamka ndani yake.