Mikebe Yangu Ilirudi Mitupu Kila Krismasi

Admin, usiweke jina langu wala la mume wangu. Wakwe zangu wamejaa kwa hii page na wanasoma mpaka comments.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, fundi wa nguo hapa Isebania. Ni Mkuria niliyeolewa na Mjaluo wa Lambwe, na Kijaluo changu ni cha salamu na kuomba maji tu. Mama mkwe huniita Nyar Kuria, maana kule wake huitwa kwa walikotoka. Mke wa shemeji yangu mkubwa anaitwa Nyar Kadem. Huyo ndiye aliyenileta hapa kwenu.

Tangu niolewe, kila Desemba napika kashata za njugu na simsim za kupeleka nyumbani Lambwe. Nilifunzwa na mama mmoja wa Pwani aliye na duka karibu na kibanda changu. Nazipanga kwa mikebe ya biskuti na kuifunga vitambaa vyekundu ninavyobaki navyo nikishona. Lakini Desemba fundi halali, kila mtu anataka nguo ya Krismasi, kwa hivyo mimi hufika nyumbani siku yenyewe. Nyar Kadem huja huku mapema kununua vitu upande wa Sirare, ng'ambo ya mpaka, na ndiye alikuwa akinibebea mikebe ampelekee mama mkwe.

Tukiondoka baada ya sikukuu, ananikabidhi mikebe imeoshwa, mitupu. "Mama amesema uchukue vyombo zako," anasema, basi. Kwetu chombo kilicholeta chakula hakirudi hivyo, na kwao ni vilevile. Hata konzi ya mahindi inawekwa ndani. Mkwe akikurudishia chombo kitupu amekwambia kitu, na mimi nilisikia. Niliamini mama hanitaki kwa sababu mimi ni Mkuria. Nililia nikiwa njiani kurudi, mwaka baada ya mwaka, na nikaacha kumpigia simu.

Krismasi iliyopita stima ilipotea mtaani, cherehani zikalala, nikafunga kibanda na kwenda mapema. Nyar Kadem alikuwa ameenda sokoni. Nikamkuta mama jikoni, mikebe yangu miwili iko mbele yake, anaijaza njugu za shamba lake mpaka juu.

"Kaa hapa, Nyar Kuria," akaniambia, akanipa kashata kwa kisahani. "Onja hii. Ni Nyar Kadem huniletea kila mwaka. Sasa mkebe yake siwezi rudisha hivi hivi. Si hata wewe ungejifunza? Wewe unaleta tu soda na mkate ya duka."

Nikatafuna kashata yangu mwenyewe mbele yake kama mgeni. Hapo nikakumbuka Krismasi ya kabla ya hiyo, mama akiombea chakula kwa Kijaluo, nikasikia anataja Nyar Kadem kwa furaha, watu wakaitikia amina. Na mimi niliitikia, tena kwa sauti. Kumbe nilikuwa nabariki mwizi wangu.

Usiku nilimwambia mume wangu. Akageukia ukuta. "Wachana na hiyo maneno. Ni switi tu. Unataka kuharibia watu Krismasi?" Tulipoondoka nilipewa mikebe yangu mitupu kama kawaida, na nikamwambia Nyar Kadem asante sana, dada, nikitabasamu. Mwaka mzima nimetabasamu hivyo.

Sasa Mungu si wa mtu mmoja. Mwaka huu mama amealika kina mama wa kanisa lake waje mkesha wa Krismasi, Nyar Kadem awafundishe kupika, halafu wawapelekee wajane zawadi. Ametenga njugu na simsim za msimu mzima. Nyar Kadem, ambaye hajawahi hata kuchoma sukari ya chai, akanipigia simu anapumua juu juu: "Aki dada, si unieleze tu kidogo ile kitu yako unafanyanga."

Nikamweleza. Nilimtumia sauti kwa WhatsApp, taratibu, kama mwalimu. Tia maji mengi kwa sukari. Koroga bila kupumzika, hata ikianza kukauka wewe koroga tu. Aliye na jiko anajua kitakachotoka hapo. Sukari ya kashata huyeyushwa kavu, kwa moto mdogo. Ukiikoroga vile nilivyomwambia inageuka mchanga, na njugu zinatoka zimevaa vumbi. Alinishukuru, akanitumia maua na mioyo. Sijui lini nililala vizuri hivyo.

Kisha juzi mama akapiga simu mwenyewe. "Nyar Kuria, mwaka hii kuja mapema. Nimekuwekea kiti karibu na jiko, ndio uone vizuri. Sitaki hao mama wa kanisa wakicheka ati wewe hujui."

Tangu hapo moyo hautulii. Nikikaa kimya, njugu za mama zinaharibika na anaaibika mbele ya kanisa lake. Nikimrekebisha Nyar Kadem, anapigiwa vigelegele kwa jasho langu na mimi nakaa kwa hicho kiti nikiambiwa nijifunze. Nimeshafunga begi. Sufuria yangu imo, na kijiti changu cha kusukumia, na sukari ya kutosha watu wote. Nawaza niache apike sufuria ya kwanza, mchanga uonekane na kila jicho, halafu niinuke kwa kile kiti nipike yangu bila kusema neno.

Msiniandikie habari za kusamehe, nimechoka nazo. Niambieni hili tu: nimpigie mama sasa nimweleze peke yake, au niache ile sufuria ya kwanza ichemke? Kwa sababu vyovyote itakavyokuwa, mwaka huu nataka mkebe wangu urudi na kitu ndani.