Mlango wa Mama Mchungaji

Juzi nimehama tena. Nyumba ya tano hiyo, hapa hapa Kisumu, na mwenye pikapu aliyenibebea vitu akaniuliza, "Mama, kwani wewe hukai mahali?" Nilicheka, lakini swali limenikaa rohoni mpaka leo. Ndivyo nilivyolelewa, rafiki yangu. Mimi ni binti wa mchungaji wa Kibaptisti, na nyumba zote za utoto wangu zilikuwa za kanisa.

Sisi hatuna askofu wa kumhamisha mchungaji. Kanisa lenyewe humwandikia barua ya kumwita, naye huomba kwanza, halafu hujibu. Baba aliomba kila mara, na kila mara jibu likawa ndiyo! Barua ikifika aliisoma mezani tukila nyoyo, yale mahindi na maharagwe yetu ya kuchemsha, kisha akamgeukia Mama. "Unasemaje?" Mama naye alijibu vilevile siku zote: "Bwana akikuita, mimi nitasema nini?" Halafu aliinuka akaenda kupangusa mlango wake.

Ndiyo, mlango. Tulipokuwa Sondu, Mama aliwashonea watoto wa seremala nguo za Krismasi, na seremala akamlipa kwa mlango wa mvule, mzito, wa kubebwa na wanaume wawili. Nyumba ya kuutia hakuwa nayo. Na kwetu Wajaluo mke hujengewa nyumba yake mwenyewe dala, yaani kwenye boma la ukoo wa mumewe; asipokuwa nayo, hata azae kumi, bado ni kama mgeni. Dala yetu iko Seme, na pale pa Mama palikuwa majani matupu. Baba alisema duniani sisi ni wapitaji. Mama akajibu chini kwa chini, "Hata mpitaji hulala mahali."

Basi mlango ukahama nasi. Ukilazwa juu ya matofali, tulianikia omena, wale dagaa wa ziwani. Ukioshwa kwa sabuni ya kipande, Mama alipigia pasi ya makaa kanzu za ubatizo, zile nyeupe zilizorudi kutoka ziwani na tope mpaka kiunoni. Wageni wakizidi, nasi hatukukosa wageni hata siku moja, ulitandikwa godoro ukawa kitanda. Mpaka leo nikisikia harufu ya omena na nguo iliyopigwa pasi pamoja, nageuka kumtafuta.

Tulipohamia Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, Mama hakutundika mapazia. "Ya nini?" alisema. Maji tulipanga foleni bombani, na wanawake walimwita Mama Mchungaji, wakamwachia ndoo zao na siri zao. Hapo ndipo Baba alipolainika. Alinunua nguzo za mkaratusi, zikapangwa uani, akaahidi kwamba baada ya mvua atajenga Seme. Jamani, Mama alibadilika! Aliimba akiosha vyombo, akatupimia kwa hatua zake pale uani: hapa sebule, hapa jiko langu. Mimi nikachagua dirisha.

Kisha ikaja barua kutoka Port Victoria. Kanisa lao la matope lilikuwa limeangushwa na upepo wa ziwa, na waumini walisali juani. Baba aliomba siku tatu. Siku ya nne lori likaja, na nguzo za Mama ndizo zilizopakiwa kwanza.

Nilimchukia Baba siku hiyo, nakwambia wazi. Mama alisema amina, akapanda lori. Lakini tulipofika Port Victoria na kanisa likasimama kwa nguzo zake, shemasi mmoja alikuja uani na kofia mkononi. Alisema kanisa halina mlango, mbuzi wanaingia. Mama alikuwa anageuza omena. Alizikusanya zote kwenye karai, taratibu, akaketi katikati ya mlango, akanyoosha miguu.

"Nguzo mmechukua, nami nimesema amina," akamwambia. "Huu unangoja nyumba yake. Mbuzi nao waokoke."

Shemasi aliondoka. Baba alikuwa amesimama kizingitini, amesikia yote.

Mama alifariki hapo hapo Port Victoria, homa ya siku chache, mimi nikiwa shule ya bweni. Wazee wa Seme wakatuma neno: maiti ya mke haiingii dala isipokuwa na nyumba. Baba, aliyehubiri dhidi ya mila hizo maisha yake yote, alivua koti akaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Wanaume wa ukoo walijenga kwa siku mbili, matope na mabati, haraka haraka. Mlango ulipoletwa, ukawa mpana kuliko nafasi waliyoiacha. Fundi akachukua msumeno.

"Usikate," Baba akasema.

"Mchungaji, haupiti."

"Bomoeni ukuta." Akamnyang'anya fundi msumeno. "Yawa, jamani, bomoeni ukuta!"

Wakabomoa, na mlango ukaingia mzima.

Nilipomaliza kupanga vitu kwenye nyumba hii ya tano, nilienda Seme. Nyumba ya marehemu kwetu haikarabatiwi, huachwa ianguke yenyewe, na ile ya Mama imebaki upande mmoja. Mabati yamekwisha kwa kutu. Baba naye amelala jirani yake sasa. Kanisa la Port Victoria wamejenga la mawe, na wale wanawake wa ndoo sijui wako wapi. Mlango bado umesimama. Nilibisha hodi, nikasukuma, ukafunguka bila kelele, na ndani mlikuwa na majani na jua.

Usiku mmoja tu Mama alilala ndani ya nyumba yake, na usiku huo alikuwa kwenye jeneza.